Maktaba ya mistari 400, faili 14 za usanidi: tulivyoipunguza mpaka mtu wa bando dogo akaweza kuijenga

Mwanzisha uzi, Kirumba

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kifuani tangu mwezi wa nane, leo nalitoa lote. Naamini linawagusa wengi mnaoandika programu huria huku Kanda ya Ziwa.

Baadhi yenu mnaifahamu maktaba yetu ndogo ya JavaScript (msimbo ambao wengine wanauingiza kwenye programu zao) inayogeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili. Unaipa 1,250, inakurudishia "elfu moja mia mbili na hamsini". Tuliianza 2017, na wanaoitumia zaidi ni vijana wanaotengeneza mifumo ya risiti na hati za malipo. Msimbo wenyewe ni mistari kama 400. Ni kazi ndogo, lakini inaandika pesa za watu.

Mwezi wa nane kijana mmoja wa Sengerema akaniandikia: "Kaka, maktaba yenu inaandika 25,000 na 20,005 sawasawa." Nikajaribu palepale. Kweli bwana, zote mbili zinatoka "elfu ishirini na tano". Alikuwa ameliona kosa hilo kwenye mfumo wa risiti anaomtengenezea mama mmoja anayeuza dagaa kwa gunia pale soko la Mwaloni.

Kwa mdomo tunaelewana, maana noti zipo mkononi. Kwenye karatasi noti hazipo. Ndiyo maana mhasibu makini anaandika "ishirini na tano elfu" kwa ya kwanza na "ishirini elfu na tano" kwa ya pili. Dawa alikuwa nayo tayari kichwani, mistari mitatu tu. Nikamwambia njoo mjini tuiingize pamoja, jina lako likae kwenye historia ya mradi.

Tulikutana karibu na kivuko cha Kamanga, tukakaa kivulini, laptopu yake magotini, intaneti inatoka kwenye simu yake. Alikuwa amejiunga MB 500 asubuhi ile kwa kazi hiyo tu. Akavuta ripo, yaani ghala la msimbo wa mradi, sekunde chache, tayari. Akabadilisha mistari yake mitatu mbele ya macho yangu, safi kabisa. Nikamwambia sasa tuendeshe majaribio. Akaandika `npm install`, amri ya kushusha vifurushi vyote ambavyo mradi unavitegemea.

Dakika ya kwanza, ya pili, ya tano. Kivuko kikaja, kikashusha watu na pikipiki na matenga ya kuku, kikapakia, kikaondoka, ule mstari bado unasogea. Onyo la usalama. Onyo la kifurushi kilichopitwa na wakati. Onyo jingine. Halafu mtandao ukayumba, npm ikakatika ikaacha maandishi mekundu skrini nzima. Akaanza upya. Safari hii ulioingia ni ujumbe wa simu kwamba bando lake limekwisha.

Akafunga laptopu taratibu, akasema, "Kaka, basi nitajaribu siku nyingine." Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuja na dawa ya mistari mitatu, tukamnyang'anya bando lake lote, akarudi Sengerema mikono mitupu.

Usiku ule nilikaa na ile ripo, nikaihesabu faili kwa faili. Nitaeleza tulichofuta, tulichobakiza na mahali nilipokosea.

---

Mdau, Igoma

Mkuu pole kwa kijana, lakini hiyo ni kawaida ya JavaScript. Kila mradi una node_modules nzito, ile folda ya vifurushi vilivyoshushwa. Ukifuta zana za kitaalamu utabaki na maktaba ya kienyeji ambayo makampuni hayaiamini.

---

Mwanzisha uzi, Kirumba

Mkuu wa Igoma, hoja yako naijibu kwa heshima, maana hata mimi niliishi nayo miaka mingi. Zana za kitaalamu ni zile zinazofanya kazi inayohitajika. Sasa sikia nilichokikuta.

Webpack ilikuwa inatoa faili moja la brauza. Rollup ilikuwa inatoa faili jingine la kisasa. Babel ilikuwa inatafsiri msimbo uwe wa zamani. Jest ya majaribio. ESLint na Prettier za kukagua na kupanga msimbo, na Husky ya kuzuia mtu asihifadhi kazi kabla haijapigwa pasi. TypeScript ya kutengeneza maelezo ya aina. Halafu Puppeteer ya kuendesha brauza kwa msimbo. Kila moja na faili lake la usanidi, nyingine mawili. Jumla 14, kwa msimbo wa mistari 400 uliokuwa umekatwakatwa katika faili tisa.

Nilifanya hivi. Kila faili la usanidi nililiuliza kwa `git log`, amri ya kuonyesha historia yake: nani alikuleta, lini, kwa shida gani? Wakuu, hii amri ijaribuni kwenye miradi yenu, mtashangaa. Faili sita zililetwa siku moja, 2017, na ujumbe wake ni "kuanza". Maana yake tulinakili kiolezo cha mradi mkubwa kama kilivyo. Hakuna aliyekuwa na shida ambayo faili hizo zilikuja kuitatua.

Babel ililetwa kwa ajili ya Internet Explorer 11. Microsoft waliistaafisha Internet Explorer 11 tarehe 15 Juni 2022. Sisi tuliendelea kutafsiri msimbo wetu kwa ajili yake miaka mizima baadaye.

Puppeteer ndiyo iliyomla kijana bando. Ukiisakinisha inashusha na brauza nzima ya Chrome, zaidi ya MB 150, na inafanya hivyo kimyakimya kwa skripti inayojiendesha wakati wa usakinishaji. Ukikatika katikati unaanza moja. Sisi tuliiweka 2019 kwa jaribio moja tu, la kuona kama faili letu linafunguka kwenye ukurasa. Jaribio moja! Na kila aliyetaka kurekebisha neno "elfu" alilazimika kulilipia.

Jest ilitoka kwa urahisi kuliko nilivyodhani. Node yenyewe, ile programu inayoendesha JavaScript nje ya brauza, ina kiendesha majaribio ndani yake tangu toleo la 18 la mwaka 2022, na kufikia toleo la 20 kikatangazwa kuwa imara. Unaandika `node --test`, basi. Majaribio yetu 61 yalikuwa na mistari ya `expect(x).toBe(y)`. Nikaigeuza kuwa `assert.strictEqual(x, y)` kwa kutafuta na kubadilisha, kazi ya jioni moja. Mawili tu yaliniomba mkono.

Maelezo ya aina: maktaba ina kazi tatu tu ambazo mtu wa nje anaziita. Faili la `index.d.ts` nimeliandika kwa mkono, mistari 12. Kulikuwa na mtambo mzima wa kuzalisha mistari 12.

Zile faili tisa za msimbo nimeziunganisha kuwa moja. Msiseme huo ni uvivu. SQLite, hifadhidata ndogo iliyomo ndani ya karibu kila simu mnayoshika, wenyewe wanachukua faili zaidi ya 100 za chanzo wanazishona kuwa faili moja linaloitwa `sqlite3.c`, na hilo ndilo wanalokupendekezea utumie ndani ya programu yako. Ukitaka kuijenga unahitaji kikusanyaji cha C (programu inayogeuza msimbo wa lugha ya C uweze kuendeshwa na mashine) na faili hilo. Kama wao wanaweza, sisi wa mistari 400 tulikuwa tunaogopa nini?

ESLint sikuifuta. Niliihamishia kwenye seva inayokagua michango. Mchangiaji akituma kazi, seva inaikagua kwa intaneti yake yenyewe, inamrudishia majibu. Hapo ndipo mahali pake. Kwa hiyo mkuu, ukaguzi upo palepale, tumeuondoa kwenye bando la mtu tu.

---

Mdau, Bukoba

Naunga mkono hoja ila nina swali zito. Umetoa Babel. Wateja wetu huku wana simu za zamani, nyingine zilitoka nje mtumba. Wewe na laptopu yako mpya ya Kirumba utaona kila kitu kinafanya kazi, mama wa kijijini atafungua ukurasa aone weupe. Hilo umelipima?

---

Mwanzisha uzi, Kirumba

Hili ndilo swali lililoninyima usingizi kuliko yote. Asante kwa kuliuliza.

Babel ni mtafsiri. Anahitajika pale unapoandika lugha ambayo msikilizaji haijui. Nikajiuliza, kuna ulazima gani wa sisi kuandika lugha hiyo? Maktaba yetu inafanya hesabu za kugawanya na kuunganisha maneno. Haihitaji lolote lililokuja baada ya JavaScript ya 2015. Nilipopekua nikakuta mahali pawili tu palipotumia `?.`, ambayo ilikuja 2020. Nikaandika `if` ya kawaida, kwisha. ESLint kule kwenye seva nimeiambia ikatae chochote kipya kuliko 2015. Sasa chanzo chenyewe kinasomeka na simu ya zamani moja kwa moja, hakuna wa kutafsiri katikati.

Bado kuna simu ambazo brauza zake hazijui `import`, njia mpya ya kuita msimbo wa faili jingine. Chrome ilianza kuijua toleo la 61, mwaka 2017. Kwa hizo tumebakiza faili la pili la mtindo wa zamani. Linatengenezwa na skripti ya mistari 18 inayoendeshwa na Node tupu: inasoma faili la chanzo, inaondoa ule mstari wa mwisho wa `export`, inaweka mwingine unaofaa `<script>` ya kawaida na `require`. Yeyote anaweza kuisoma skripti hiyo yote kabla chai haijapoa.

Kuhusu kupima, niliazima simu tatu pale Makoroboi kwa fundi, kuukuu haswa, moja kioo kimepasuka pembeni. Nikafungua ukurasa wa majaribio kwenye zote. Mbili zilikubali mara moja. Ya tatu ilikataa, na kosa lilikuwa langu: ukurasa wa majaribio wenyewe niliuandika kwa mtindo mpya. Nilipourekebisha ikasoma. Jaribio lile la Puppeteer halikuwahi kutuonyesha kitu kama hicho, kwa sababu siku zote lilikuwa linashusha Chrome ya kisasa.

---

Dada wa Musoma

Mimi natumia Python, naona mnaongea lugha yangu bila kujua. Nina maktaba ndogo ya kusoma bei za samaki kutoka kwenye jumbe za simu. Nilipohamia Python 3.12 `setup.py` yangu ikagoma kabisa, inasema hakuna distutils. Nilidhani nimeharibu kompyuta.

---

Mwanzisha uzi, Kirumba

Dada yangu, hujaharibu kitu. Distutils, zana ya zamani ya kufungasha maktaba, iliondolewa kwenye Python kuanzia hiyo 3.12 ya Oktoba 2023, baada ya kutangaziwa kustaafu tangu 3.10. Kama maktaba yako ni Python tupu, huna haja ya `setup.py` tena. Andika `pyproject.toml` moja: jina, toleo, vitegemezi, na mistari miwili ya kusema nani anaijenga. Ukiwa na `setup.cfg`, `MANIFEST.in` na `requirements.txt` zilizorudia mambo yaleyale, angalia kama zinaweza kuingia humo au kufa. Toleo liandikwe mahali pamoja tu. Nimeshaona mradi una namba ya toleo sehemu tatu na zote hazifanani.

Ikiwa ndani yako kuna msimbo wa C, hapo ni habari nyingine, utahitaji bado mtu wa kuukusanya. Watengenezee watumiaji vifurushi vilivyokwisha kukusanywa, wasilazimike kuweka kikusanyaji kwenye mashine zao.

---

Mdau, Igoma

Mkuu nimekuelewa kwenye ESLint, hapo umenipata. Ila ulisema kuna mahali ulikosea. Sema na hilo, maana nyuzi nyingi humu zinaishia kwenye sifa.

---

Mwanzisha uzi, Kirumba

Nalisema.

Nilipomaliza kufuta nilikuwa na furaha nyingi, nikaichapisha kama 2.7.0, usiku. Kwenye `package.json`, faili linalosema maktaba inaitwa kupitia wapi, nilikuwa nimeondoa mstari wa `main` nikiamini `exports` inatosha, na ndani ya `exports` niliweka njia ya `import` peke yake. Kila aliyekuwa anaita kwa `require`, njia ya zamani ya kuita maktaba, alipigwa kosa. Asubuhi saa moja na nusu simu ikalia: risiti hazitoki Mwaloni, wanunuzi wamepanga foleni, magunia yameshapimwa, mama anaandika kwa kalamu. Ni yule yule mama wa dagaa. Kijana wetu alikuwa amesasisha usiku akitegemea marekebisho.

Sikubishana. Nilirudisha mstari wa `main`, nikaongeza njia ya `require` ndani ya `exports`, nikatoa 2.7.1 kabla ya saa mbili, nikaitia 2.7.0 alama ya kuachwa kwa `npm deprecate` ili atakayeiomba aonywe. Kuifuta kabisa npm wanaruhusu ndani ya saa 72 kwa masharti, lakini aliyekwisha kuifunga kwenye faili lake la vifungo (linaloshikilia toleo kamili la kila kifurushi) angeumia mara ya pili, kwa hiyo niliiacha. Halafu nikampigia yule mama mwenyewe nikamwomba radhi.

Kosa halikuwa la kiufundi tu. Nilijidanganya kwamba "sijabadilisha msimbo, nimebadilisha ujenzi tu", kwa hiyo nikaona ni toleo dogo. Jinsi mtu anavyoifikia maktaba yako ni sehemu ya ahadi yako kwake. Ukiigusa njia hiyo, namba ya kwanza ya toleo ndiyo inayopanda. Usafi wote ukaingia kwenye 3.0.0, ukiwa na maelezo ya mistari saba ya namna ya kuhama. Na sasa kabla ya kuchapisha naendesha `npm pack --dry-run`, inaniorodheshea faili zitakazoondoka. Zamani orodha ile ilijaza skrini. Sasa ni faili sita, nazisoma moja moja kwa macho.

Hapo kwenye kusoma kwa macho ndipo pananifanya niwe mkali na suala hili. Mnakumbuka Machi 2024, ile ya xz, programu ya kubana mafaili? Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalitiwa mlango wa siri. Sehemu ya kuuwasha mlango ule ilifichwa ndani ya skripti ya ujenzi, faili la `build-to-host.m4`, na faili hilo lenye sumu lilikuwa kwenye furushi la kupakua tu. Kwenye ripo halikuwepo. Mtu angesoma ripo mwaka mzima asilione. Aliyegundua ni Andres Freund, kwa kuona kuingia kwake kwa SSH, njia ya kuingia kompyuta ya mbali, kumechelewa kama nusu sekunde akataka kujua kwa nini. Tuliokolewa na mtu mmoja asiyedharau nusu sekunde.

Nani alikuwa anasoma skripti za ujenzi za namna ile? Karibu hakuna, kwa sababu hazisomeki. Sumu ilikaa pale ambapo watu wamezoea kupita bila kutazama. Maktaba yetu ni ndogo na hakuna anayeiwinda, lakini inaandika pesa, na nataka mtu wa Nansio akiisoma kwenye ripo awe na hakika kwamba hicho alichosoma ndicho kitakachoendeshwa kwenye duka lake. Lile faili la pili la mtindo wa zamani tunaliweka ndani ya ripo. Endesha skripti, linganisha kwa `diff`, ukiona tofauti piga kelele.

Na vitegemezi ni hivyohivyo. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa npm kifurushi cha left-pad, mistari 11 ya kujaza nafasi upande wa kushoto wa neno, na miradi mingi ikashindwa kujengeka, Babel ikiwemo. Sisi tulikuwa na vifurushi zaidi ya 900 chini yetu. Sasa tuna sifuri. Folda ya node_modules haipo.

---

Mdau, Bukoba

Sifuri kabisa? Hata vya kuendeleza?

---

Mwanzisha uzi, Kirumba

Hata vya kuendeleza. Unahitaji Node 20 au zaidi na ripo yenyewe, kama KB 300. Inaingia kwenye flashi, inatumwa kwa Bluetooth, inajengeka ukiwa katikati ya ziwa.

Mradi mkubwa hauwezi kufika sifuri, na wala simwambii mtu ajilazimishe. Maktaba yenye picha, yenye C, yenye matoleo ya mifumo mitano ya kompyuta, hiyo ina haki ya kuwa na mtambo. Ninachoomba ni kila faili la usanidi liweze kutaja shida iliyolileta, na shida hiyo iwe bado hai.

---

Kijana, Sengerema

Shikamoo kaka, na wakuu wote. Ni mimi wa kivukoni.

Nimeivuta 3.0.0 jana. Umeme ulikuwa umekatika, laptopu ina asilimia 30, bando nilikuwa nalo MB 40 tu. Nimeandika `node --test`, majaribio 61 yamepita chini ya sekunde moja. Nimeingiza ile mistari yangu mitatu, nimeongeza majaribio manne: 20,005, 25,000, 30,007 na 37,000. Yote yamepita, nimeshatuma.

Ila kwa kuwa sasa naweza kujaribu ninavyotaka, nimekaa kuipekua nikakuta jingine. 100,005 inatoka "laki moja na tano". Huku sokoni ukimwambia mtu laki moja na tano anakuhesabia 105,000. Sijaigusa, nangoja neno lenu.

---

Mwanzisha uzi, Kirumba

Marahaba mdogo wangu. Nimesoma mara mbili, na uko sahihi, hiyo ni mbaya kama ya kwanza maana tofauti yake ni ileile, karibu elfu tano.

Pendekezo langu: kwenye hati za malipo iwe "mia moja elfu na tano" kwa 100,005, na "mia moja na tano elfu" kwa 105,000, kwa kanuni ileile uliyoileta wewe. Laki tuiache kama hiari kwa anayeitaka, na akiitaka, kiasi cha chini ya elfu kitanguliwe na neno shilingi. Wadau wenye uzoefu wa uhasibu mtusahihishe hapo. Iandike, mimi nitaipitia.

Ile ya 20,005 nimeshaiunganisha. Toleo 3.0.1 limetoka saa tatu usiku huu na jina lako limo. Mwambie mama wa Mwaloni asasishe kesho kabla ya magunia ya asubuhi, na nimeijaribu mwenyewe kwa `require`.